Moto Miguuni mwa Joachim Banza

Watu wa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, waliomjua Joachim Banza zile enzi hawakumjua kwa sura. Walimjua kwa viatu. Kila Jumamosi, king'ora cha kiwanda kikishalia na wanaume kurudi nyumbani, alitoa kiti chake barazani, akatandika gazeti kuukuu, akapanga jozi zake tatu na kufungua kopo la dawa ya viatu. Hapo usingemsalimu. Ungesema jambo, akakuitikia kwa kichwa bila kukutazama, mkono wake ukiendelea kusugua. Alikuwa mtunza vyombo katika karakana ya kampuni, kazi ya spana na mikanda ya mashine na mikono yenye mafuta, lakini asubuhi aliingia kazini kwa viatu ambavyo hata mkubwa wake hakuwa navyo. Wenzake walimtania kwamba siku moja mbuzi angejiona ndani ya viatu vile akaanza kupigana na mwenzake. Joachim alicheka. Alikuwa na majivuno, na majivuno yake hayakumdhuru mtu.

Jozi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya rangi mbili, kahawia na nyeupe. Aliinunua kwa Mgiriki mjini mwaka aliomwoa Clotilde, na ndiyo aliyocheza nayo siku ya harusi. Clotilde alikuwa binti wa mtu wa Kasai aliyeletwa Katanga kuchimba shaba wakati mji bado una jina la kizungu. Alizaliwa katika kambi ya Panda, akasoma kwa masista wa hapo hapo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Likasi tupu. Kiluba cha babake alikizungumza kwa kukwaakwaa, na mashangazi wakija kutoka Kasai walimcheka mpaka wakashika mbavu.

Miaka ya kwanza ya ndoa yao waliishi Koni, kwenye mtambo wa umeme, maana Joachim alikuwa kwanza msoma mita huko kabla hajahamishiwa karakana. Ukimwuliza baadaye ni wapi aliwahi kuwa na raha, hakufikiri. Koni. Jumapili mchana, mwezi wa kumi, Likasi nzima inachemka, wao wawili walikuwa wanashuka penye mawe, wanavua viatu na kutia miguu katika maji ya mto Lufira. Maji yalikuwa baridi ya kukufanya upige kelele. Clotilde alikuwa anaimba nyimbo za kanisani, sauti yake ikishindana na mtambo, na Joachim alikuwa anaangalia miguu minne chini ya maji, miwili yake na miwili ya mkewe, akijiona tajiri.

Ni huko Koni kichwa kilipoanza kumsumbua. Kilikuja na vimulimuli pembeni mwa jicho, kisha maumivu upande mmoja. Clotilde alileta aspirini kutoka zahanati ya kampuni, na kwa kuwa yeye hakuwa mwanamke wa kungoja ugonjwa ufike mlangoni, akaanza kumpa kila asubuhi pamoja na chai. Vidonge alivihifadhi katika kopo la maziwa juu ya kabati. Joachim alimeza bila kuuliza, mwaka hadi mwaka, kama mtu anavyotia sukari. Kichwa kikatulia, na yeye akasahau kwamba kiliwahi kumuuma.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama, na wenye umri wanajua ninachosema. King'ora kikalia siku moja na siku nyingine kikanyamaza. Mshahara ukachelewa, kisha ukawa hadithi. Unga wa kampuni, uliokuwa unagawiwa kwa magunia, watu wakabaki kuuota. Zahanati ilikuwa na mhudumu, kiti na kalenda, dawa hakuna. Karakanani Joachim alilinda rafu tupu. Ile mijakaranda ya mjini ilitoa maua yake ya zambarau kama kawaida, na ilimuudhi, jinsi miti ilivyokuwa haina habari.

Na juu ya hayo yote, watu wa Kasai wakaambiwa warudi kwao. Hata waliozaliwa Panda, hata ambao kwao hawakukujua. Stesheni ikajaa familia zilizolala juu ya magodoro na sufuria zao, zikingoja treni. Clotilde, kwa kuwa ni mke wa mtu wa Katanga, majirani walimwambia akae kimya ndani, hakuna atakayemgusa. Lakini mamake mzee alikuwa pale stesheni, juu ya mkeka.

"Mama yangu hatafika kule peke," Clotilde alisema. "Nitamufikisha, nitamutafutia nyumba, kisha nitarudia. Nitaenda na Mimi, anisaidie."

Mimi alikuwa mtoto wao wa pekee, msichana wa shule ya msingi.

"Na kama njia inafunga?" Joachim aliuliza.

"Itafunguka."

Asubuhi ya kuondoka alifungua kabati, akatoa kiatu cha kushoto cha ile jozi ya harusi na kukitia kati ya nguo zake. Joachim alidhani amechanganyikiwa kwa huzuni.

"Iko moja na miye, moja inabakia na weye," Clotilde alimwambia, na kwa mara ya kwanza katika juma lile akacheka. "Tutaona kama kuko mwanamuke mu Likasi atacheza na muntu ya kilatu moja."

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Njia ilifunga: wachuuzi walipita, mtu wa Kasai hakuruhusiwa kurudi.

Kiatu cha kulia Joachim alikiweka dirishani, na kila Jumamosi, king'ora kilie kisilie, alikisugua. Dadake mkubwa, Colette, aliyekaa mtaa wa pili, alikuwa hawezi kupita bila kukisema. Colette alikuwa mtu wa kikundi cha maombi, mwenye sauti ya kuitisha mvua na moyo mwema usiojua kunyamaza.

"Banza, mudogo wangu, hii kilatu unaisuguliaka nani?"

"Ule iko na ya kushoto."

"Nyumba haikaake bila mwanamuke. Mule mu groupe yetu kuko Providence. Bwana yake alikufa, mwanamuke ya mupole na ya kutulia, une femme sérieuse."

"Yaya," Joachim alimwita kwa heshima ya dada mkubwa, "bibi yangu iko."

"Iko wapi? Onyesha."

Joachim alionyesha kiatu. Colette akaondoka huku akimwambia Mungu mambo ya familia yao kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia.

Moto ulianza mwaka wa tisini na tano. Mwanzoni ulikuwa joto tu kwenye nyayo, akirudi kazini, akadhani ni soksi. Baada ya miezi ukawa moto wenyewe. Vidole vya miguu vilikuwa vinakuwa vyekundu, vinavimba, vinang'aa, na ndani yake kulikuwa kama mtu ameweka kaa la mkaa na kulipuliza. Jua liliuchochea, kutembea kuliuchochea, na viatu ndivyo vilivyouchochea kuliko vyote. Vidole vya mikono navyo vilianza kuwasha. Kichwa kikarudi na vimulimuli vyake. Dawa aliyoigundua mwenyewe ilikuwa beseni la maji. Alikuwa anafunga mlango, anatumbukiza miguu, anafumba macho, na maji yale ya bomba yalikuwa Lufira. Alimsikia Clotilde akiimba. Wakati mwingine alikaa hivyo mpaka ngozi ikawa nyeupe na kukunjamana, akaogopa kuitoa miguu kwa sababu ya moto na kwa sababu ya wimbo.

Hakumwambia mtu. Nimwiteje, mjinga? Labda. Lakini fikiria mtu aliyejulikana mjini kwa viatu, atawezaje kwenda kusema kwamba hawezi kuvaa viatu. Aliondoka nyumbani amevivaa, akavumilia mpaka nyuma ya karakana, akavivua pasipo mtu. Colette alipomwona anachechemea, Joachim alisema ni kidonda.

Asubuhi moja akiwa njiani kwenda kazini, mbele kabisa ya soko la Kikula, moto ulimpanda kuliko siku zote. Hakuweza kupiga hatua. Akainama, akavua viatu mbele za watu, akavishika mkononi na kugeuka kurudi nyumbani, miguu mitupu katika vumbi, machozi yakimtoka kwa maumivu.

Sasa, kwa Waluba na jirani zao wengi, mtu mzima asiye na wazimu akitembea miguu mitupu huku analia, watu hawaulizi. Aliyefiwa na mwenzake huvua viatu, hukaa chini, na havivai tena mpaka kilio kimalizwe. Na huyu hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa Joachim Banza wa viatu, ambaye mkewe yuko Kasai. Muuza mboga mmoja akaweka mikono kichwani. Mwingine akasema si ajabu, Athanase, yule mchuuzi wa chumvi anayekwenda na treni, alirudi majuzi akasema kule Mwene-Ditu, huko huko Kasai, kuna homa kali. Wa tatu akasema bila shaka habari imekuja kwa redio ya misheni. Ilipofika kwa mtu wa nne ilishajulikana redio ililia saa ngapi na padri gani aliipokea. Joachim hajafika kwake, na Clotilde ameshakufa.

Alikuwa ameketi, miguu ndani ya beseni, mlango ulipofunguliwa na Colette akaingia ameangusha kitambaa cha kichwa.

"Clotilde weee! Mulamu wangu weee! Ulienda kutufia mbali!"

Joachim aliinuka kumwambia kwamba hakuna aliyekufa. Alikuwa na maneno tayari. Alifungua mdomo, na ulimi haukutii. Ulilala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umekufa ganzi, na mkono wa kulia aliotaka kuuinua ulining'inia. Alijaribu tena, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake. Hofu aliyoipata wakati ule hakupata kuwa nayo kabla wala baadaye, na machozi yalimmwagika. Colette alimkumbatia na kumkalisha chini juu ya mkeka. Alijua kilio anapokiona, ndivyo alivyofikiri.

Wanawake wakajaa uani. Wengine walileta unga, wengine kuni, mtu akaleta kuku wa Joachim mwenyewe akiwa ameshachinjwa. Providence aliketi karibu na mlango wa jiko, kimya, akiangalia nyumba kama mtu anayewaza pazia zitakaa wapi. Walimlilia Clotilde vizuri, hilo lazima niliseme. Walikumbuka harusi yake, sombe ya majani ya muhogo aliyokuwa anapika, jinsi alivyowatania wote bila kumwacha hata mke wa katekista. Kulikuwa na machozi ya kweli pale. Watu walikuwa na mengi ya kulilia mwaka ule, king'ora na unga na watoto waliokwenda na treni, na Clotilde akawapa nafasi ya kulia yote kwa pamoja.

Joachim alikuwa katikati yao, anasikia kila kitu, hana ulimi. Athanase alikuja, mkoba begani, akampigia goti.

"Courage, mukubwa, jikaze. Miye napanda train ya leo. Kule Mwene-Ditu nitaambia familia yake kama mulimulilia muzuri."

Joachim alimshika shati kwa mkono wa kushoto. Alimshika kwa nguvu zake zote, akitikisa kichwa. Athanase alilia naye kidogo, akamtoa vidole kimoja kimoja kwa upole, akaenda zake stesheni.

Mchana ulimi ukarudi. Ulirudi wenyewe tu, kama ulivyoondoka, kwanza mzito, kisha wa kawaida, na mkono nao. Mtu wa kwanza aliyekuwa amechutama mbele yake kumpa pole alikuwa Dokta Alphonse, kijana aliyesomea Lubumbashi na kupanga nyumba mwisho wa mtaa.

"Dokta," Joachim alisema, na aliposikia sauti yake mwenyewe alitaka kupiga magoti. "Bibi yangu hakukufa. Njo mikulu yangu inawaka moto."

Daktari hakucheka. Aliangalia ile miguu, myekundu mpaka kwenye vifundo, akagusa kidole kidogo cha kushoto. Kilikuwa kimeshakuwa na rangi ya buluu iliyokoza, karibu nyeusi.

"Papa Joachim, hii rangi ya kidole, c'est depuis quand, tangu lini? Na asubui, juu ya nini hawukusema na hawa bantu?"

Joachim akamweleza habari ya ulimi. Hapo daktari akasimama na kupiga makofi mpaka uani kukanyamaza.

"Bamama, hapa hakuna kilio. Kuko mugonjwa. Clotilde iko muzima."

Colette ndiye aliyepata neno kwanza.

"Shi tulishalia, dokta! Machozi tutairudisha namna gani?"

Bukari, ugali wa kwao, ilikuwa imeshaiva na kuku amekaangwa, na hakuna aliyesema vimwagwe. Walikula wakiwa wamekaa kwa adabu ya msiba, hawajui kama wapeane pole au wacheke. Mwishowe walicheka, mmoja akianza nyuma ya kitambaa. Joachim hakucheka. Aliuliza kama treni imeondoka, wakamwambia imeondoka.

Hospitali walimtoa damu, na mwenye hadubini akarudia kuhesabu, kwa sababu hakuamini macho yake. Daktari alimweleza Joachim mambo kwa lugha ya karakana. Katika damu ya kila mtu kuna vichembe vidogo mno, plaketi, kazi yao ni kuziba pale unapojikata. Kwake yeye, mahali damu inapotengenezwa, ndani ya mifupa, mtambo umeharibika na unatoa vichembe hivyo bila kusimama, vingi kupita kiasi. Fikiria wafanyakazi wengi kuliko kazi, alisema. Hawana tundu la kuziba, basi wanagandamana na kuziba njia zenyewe. Njia nyembamba ndizo zinazoanza, za vidole. Ndiyo moto ule. Asubuhi ile walikuwa wameziba njia kichwani kwa muda, kisha wakaachia. Siku nyingine wasingeachia, na angebaki na nusu ya mwili.

"Haiko bulozi?" Colette aliuliza. Alikuwa amekuja na Biblia yake kwa tahadhari.

"Haiko bulozi, mama. Iko damu."

Dawa ya kupunguza plaketi zenyewe haikuwapo Likasi, na Lubumbashi kwenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Lakini ya kuzizuia zisigandamane ipo, daktari alisema, ya kila siku, kidogo kidogo, baada ya chakula ili tumbo lisitoke damu. Akafungua droo yake na kumpa aspirini. Joachim alikigeuza kidonge kile cheupe kiganjani, akakinusa.

"Clotilde alikuwa ananipatiaka hii. Kila asubui, na chai. Juu ya kichwa. Tangu Koni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alienda."

Dokta Alphonse alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Basi ule mwanamuke alikuwa anakufunikia moto, papa, na hata yeye hakuyua."

Kesho yake asubuhi Joachim aliamka na miguu iliyopoa. Miezi mingi hakuwa amepata hilo. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaiangalia, akawaza kopo la maziwa juu ya kabati. Alikuwa amedhani kwamba mkewe alipoondoka alibeba kiatu kimoja tu. Aliona haya kwa kila asubuhi aliyomeza bila kusema asante.

Kidole kidogo hakikupona, wakakikata. Daktari akamkataza viatu vya kufunika, akamkataza na beseni pia, kwa kuwa ngozi ilikuwa inaoza kwa maji. Colette, aliyekuwa na aibu yake ya kulipa, akawa ndiye mlinzi wa aspirini. Popote zilipopatikana, kwa wachuuzi wa Zambia au kwa masista, alizipata, na kila asubuhi alimsimamia kaka yake mdogo mpaka ameze. Providence hakumtaja tena.

Lakini moto wa pili hakuna aliyekuwa na dawa yake. Athanase amefika. Amemwambia Clotilde nini? Mume aliyekaa kilio cha mke aliye hai, watu wa Kasai wangeelewa neno moja tu: kwamba anamzika ili awe huru. Joachim aliwaza jinsi mashangazi wangelisema, na jinsi Clotilde angelisikia akiwa na ndoo mkononi. Alimtuma mtu na habari ya kweli katika treni iliyofuata. Treni ile, wakasema, ilikwama njiani, na mtu yule hakujulikana alishukia wapi. Alimtuma mwingine. Hakuna jibu. Athanase mwenyewe hakurudi Likasi. Basi Joachim akawa anakwenda stesheni kila treni inaposikika kutoka kaskazini, na viatu vyake vya mpira vya kuogea, yeye Joachim Banza, katikati ya mji, mchana kweupe. Watoto walimcheka, hakujali. Kitu pekee alichotaka ni kumwambia mtu mmoja kwamba hakumzika.

Alishuka mwaka wa tisini na sita, watu wa Kasai walipoanza kurudi mmoja mmoja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Joachim alimwona kwanza msichana mrefu aliyebeba furushi, akashangaa kwamba msichana yule ana pua ya Clotilde. Ndipo nyuma ya Mimi akamwona Clotilde mwenyewe, amekonda, amefunga kitambaa kwa hasira, akija moja kwa moja.

"Niambie, nani alikufa?"

"Mama Mimi..."

"Athanase alikuya na kilio mu kinywa, analilia jina yangu. Aliniona nasimama mu mulango, akatupa mukoba yake, akakimbia. Mpaka leo hayarudie kuichukua. Nikasema, acha niende nione kaburi yangu na macho yangu." Alikuwa ametoa kile kiatu cha kushoto kutoka kwenye furushi, amekishika kwa kisigino. "Hii nilikuwa nakuya nakupiga nayo mbele ya huyo bibi yako mupya. Iko wapi?"

"Hakuna bibi."

Aliinua kiatu, na macho yake yakashuka miguuni mwa mumewe. Akaona viatu vya mpira. Akaona pengo mahali pa kidole.

"Bilatu yako iko wapi, Baba Mimi?" aliuliza, na sauti ilikuwa nyingine.

Walikaa juu ya furushi hapo hapo, watu wakiwazunguka kwa mizigo yao, na Joachim akamweleza yote, moto, soko, ulimi, shati la Athanase. Clotilde hakumkatiza, jambo ambalo halijapata kutokea. Joachim alipofika kwenye kidonge cha daktari, Clotilde alimshika mkono.

"Aspirini?"

"Yako ile. Ya mu kopo."

Clotilde akageuza uso kuelekea reli.

Walipita sokoni, hakuna njia nyingine. Muuza mboga yule yule aliona maiti aliyoililia inapita na mumewe na binti yake, akakalia nyanya zake. Clotilde alimsalimia kwa jina, akauliza hali ya watoto. Kwenye lango la nyumba Colette alikuwa amesimama, mikono mdomoni.

"Mulamu wangu, usikasirike. Tulikulilia muzuri sana."

"Nilisikia, yaya. Nilisikia tena mulikula kuku yangu."

"Ilikuwa moja tu!"

Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, na Colette akaenda mbio kuwasha jiko kabla hajaulizwa neno lingine.

Ndani, Clotilde alikwenda moja kwa moja dirishani. Kiatu cha kulia kilikuwa pale kinang'aa, hata waya wa dirisha ungeuona ndani yake. Akaweka cha kushoto kando. Kilikuwa na ukungu wa kijivu, ngozi imepasuka mbele, kimebebwa kutoka nyumba moja ya ndugu hadi nyingine mpaka Kasai na kurudi. Havikufanana tena. Joachim alimwambia kwamba daktari hataki avivae.

"Hautavaa. Miye nitasugua, weye utaangalia," Clotilde alisema. "Lete ile kopo."

Joachim alitaka kumjibu. Alikuwa na maneno aliyoyapanga katika kila treni: kwamba alikuwa mzima kwa sababu yake tangu Koni na hakujua, kwamba asante, na kwamba asubuhi ya kilio alimshika Athanase shati. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Midomo ilimtetemeka, na mkono alioinua ukabaki hewani.

Clotilde aliona, na ile habari ya ulimi aliyosimuliwa pale stesheni ikamjia yote. Akaangusha kiatu.

"Colette! Aspirini! Mbio, aspirini, inamukamata!"

Colette alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Lakini Joachim alikuwa anatikisa kichwa, na mkono ule ulioinuliwa, wa kulia, ulifika salama begani mwa mkewe.

"Apana, mama Mimi," alisema, kila neno mahali pake. "Hii haiko damu. Ni kulia tu. Ile siku balikulilia bote, miye nilikuwa nalilia mikulu."